Vitonge vya protini bila ovena: njugu, tende, dengu na mtindi

Wale wa jim mwavijua vile vibaa vya protini vya kwenye pakiti zinazong'aa, ukinunua vitatu vinne pesa yake ingekupatia njugu, yaani karanga, na tende za kula nyumba nzima, na ukigeuza pakiti ukasoma nyuma wakuta sukari imejipanga mstari wa mbele. Sasa hivi vitu vyatengenezeka nyumbani, hamna ovena hamna nini, na kwetu pwani wala si jambo geni, kashata tangu lini ikaingia ovena? Shida ya kashata ni sukari tu, imezidi mno. Tukishaitoa hiyo sukari tukatia kitu kingine cha kushikanisha basi tumemaliza.

Lakini kwanza tuambiane ukweli manake mitandaoni watu wanadanganyana sana. Tende sio protini. Mtu asaga tende na nazi, aviringa, apiga picha, asema vitonge vya protini, jamani hiyo ni tende na nazi, tamu ndio sikatai lakini gramu 100 za tende zina protini kama gramu 2 hivi na nazi mbichi ya kukuna kama 3. Protini yenyewe iko kwenye njugu, kama gramu 25 kwa kila 100, maziwa ya unga yale ya mafuta kamili 26 hivi, mbegu za maboga zafika 30, unga wa dengu kama 22, ufuta na korosho ziko kwenye 18. Tende kazi yake ni gundi na utamu, basi. Kwa hivyo kanuni ya vitonge vya njugu ni hii, kwa uzito tia karibu sehemu mbili za vitu vya protini kwa sehemu moja ya tende, ukizidisha tende vyashikana haraka zaidi ndio lakini hapo unarudi kule kule kwa sukari.

Kununua: Marikiti au Kongowea, masoko yetu ya Mombasa, popote penye njugu zinazotoka haraka, sio zile zimekaa guniani hadi zimepauka. Hapa nitasimama kidogo. Hewa ya Mombasa ina unyevu na njugu zikikaa vibaya zaota kuvu, na ile sumu ya kuvu, aflatoksini, haiishi kwa kukaanga, usidanganywe eti moto umeshaiua. Njugu iliyonyauka, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au inayochachuka mdomoni tupa. Kaa na sinia uchague moja moja, najua yachosha, weka redio. Tende sio lazima ziwe ajwa wala zile kubwa za bei, zile laini zilizobandikana za bei ya chini ndio nzuri zaidi kwa kazi hii manake zasagika upesi.

Vitonge vya njugu

Njugu gramu 200, kama kikombe kimoja na nusu. Tende zilizotolewa kokwa gramu 150. Maziwa ya unga gramu 60, nusu kikombe hivi. Ufuta vijiko vitatu vya chakula, iliki punje tano sita za kusagwa, chumvi kidogo sana lakini usiiache, bila chumvi utamu wapooza.

Kaanga njugu kwenye sufuria kavu moto mdogo, geuza geuza hadi maganda yaanze kupasuka na harufu itoke, ziache zipoe kabisa kisha zifikiche kwa mikono na upepete maganda nje ya mlango usije ukafagia hadi kesho. Ufuta nao ukaange dakika mbili tatu tu, huungua ukigeuka kuangalia simu. Saga njugu kwenye brenda kwa kuisimamisha simamisha, wataka chenga chenga, ukiiachilia brenda ikimbie mafuta yatatoka na itakuwa pinati bata, ile siagi ya njugu. Kama brenda huna, kinu na mchi, na kusema kweli vya kinu ndio vitamu zaidi manake vipande havilingani. Toa njugu, tia tende pekee usage, zikiwa ngumu ziloweke maji ya moto dakika kumi uchuje vizuri. Halafu changanya kila kitu kwa mkono kwenye bakuli, kanda kama unga wa chapati, mwanzo utaona haishiki utataka kuongeza maji, subiri, endelea kukanda, mafuta ya njugu yakitoka itashika yenyewe. Ikikataa kabisa ndio utie kijiko kimoja cha maziwa. Ikigandamana mikononi ongeza maziwa ya unga.

Viringa ukubwa wa kaimati ndogo, utapata kama 18, ukitaka vibingirishe kwenye ufuta au nazi kavu. Kwa hesabu hiyo kila kitonge kina protini kama gramu 4 na kalori kama 110. Yaani vitonge vitatu ni protini ya mayai mawili, lakini pia kalori zaidi ya 300, kwa hivyo anayepunguza mwili asikae na bakuli zima mbele ya TV akisema ni chakula cha afya.

Wenye poda ya protini ya mikebe waeza kutoa nusu ya maziwa ya unga watie hiyo, lakini hukausha sana, jiandae kuongeza maziwa. Mimi binafsi ile ladha ya poda siipendi, hufunika iliki yote.

Na resipi za nje zinazosema yeyusha mafuta ya nazi, changanya, acha igande, ukate vipande, hizo hapa zitakuaibisha mbele ya wageni. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 kushuka chini, sasa Mombasa joto la mchana hupita hapo mwaka mzima, chupa ya mafuta ya nazi kabatini iko maji karibu mwaka mzima. Ukitoa kwenye friji vikakaa mezani muda wa kunywa chai tu, vimeshalala. Tende na maziwa ya unga haziyeyuki hivyo, ndio maana nazing'ang'ania.

Vya unga wa dengu

Hivi ni vya wale njugu zinawadhuru, na wanaopenda ladu, ile tamutamu ya Kihindi, watavitambua. Unga wa dengu ni ule ule wa bajia, na usiule mbichi, ni mchungu na tumbo litakusumbua. Tia kikombe kimoja na nusu kwenye sufuria nzito na vijiko vitatu vya samli, moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 12 hadi 15 mpaka ubadilike rangi kidogo na harufu ya njugu njugu itoke, hapo ndio umeiva. Epua, acha upoe uwe vuguvugu tu, changanya na tende kikombe kimoja zilizosagwa, maziwa ya unga robo kikombe na iliki. Viringa ungali na joto kidogo, ukipoa kabisa huvunjika.

Mtindi wa kuganda

Huu ni wa watoto kuwatoa kwenye zile barafu za mfuko za rangi. Chukua lita moja ya mtindi usio na sukari, mimina kwenye kitambaa safi cha pamba juu ya chujio, weka bakuli chini, ilaze kwenye friji usiku kucha. Asubuhi maji yameshuka na mtindi umebaki mzito, kama nusu ya ulivyokuwa, na protini sasa imejikusanya, karibu mara mbili ya mtindi wa kawaida kwa kila kijiko. Saga na embe moja bivu na vijiko viwili vya pinati bata isiyo na sukari, tia vikombe vidogo, chomeka vijiti, friza masaa matano. Msimu wa embe ukiisha tia ndizi, na stima zikipotea sana mtaani kwenu kula tu kama ulivyo na kijiko. Yale maji yaliyochujika usimwage, yafaa kukandia chapati.

Watoto chini ya miaka mitano njugu zisagwe laini kabisa, kipande kizima hukwama kooni. Na mwenye ugonjwa wa sukari akumbuke tende bado ni sukari, kimoja kinamtosha.

Kuhifadhi, chombo cha kifuniko kinachobana, ndani ya friji, wiki moja. Mezani Mombasa hii siku moja mbili tu, halafu sisimizi watakuwa wamepewa habari. Kwa safari panga kwenye mkebe na karatasi kati ya safu na safu, ukishuka Nairobi vitakuwa vimegandamana kidogo tu, watenganisha na kijiko.