Busta ndani ya Stratocaster: IC moja, betri moja, jeki ya stirio

Pikapu ya gita (sumaku yenye koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi) hutoa umeme mdogo tena mnyonge. Waya mrefu wa kwenda kwenye ampli hula ukali wa nyuzi nyembamba njiani. Busta iliyofungwa ndani ya gita huupandisha umeme huo kabla haujatoka. Maelezo haya ni ya Stratocaster, gita la umeme la Fender, yenye pikapu tatu za koili moja.

Vifaa:
- IC (chipu) ya TL061 na soketi ya miguu 8
- rezista: 100k nne, 1M mbili, 33k moja, 1k moja
- kapasita: 22nF, 220nF, 1µF, 10µF, 47µF
- dayodi 1N5817
- poti (kirekebishi cha kuzungusha) ya 250k ya kuvuta, yenye swichi ya miguu sita
- jeki ya stirio, klipu ya betri ya volti 9

TL071 ina miguu ileile na kelele ndogo zaidi, lakini hunywa kama miliampea 1.4. TL061 inaridhika na 0.2. Kwa betri iliyofichwa ndani ya mbao, chagua ya pili.

Lehemu soketi kwanza, IC iingie mwisho. Chanya ya betri ipite kwenye dayodi hadi mguu wa 7. Mguu wa 4 uende ethi (waya wa pamoja wa saketi). 47µF ikae kati ya hiyo miwili. Unganisha 100k mbili mfululizo kutoka mguu wa 7 hadi ethi: katikati yake ndiyo nusu ya volti, na hapo weka 10µF kwenda ethi. Rezista ya 1M itoke nusu hiyo hadi mguu wa 3. Sauti inaingia mguu wa 3 kupitia 22nF, na upande wa nje wa kapasita hiyo 1M ya pili ishuke ethi. Kati ya mguu wa 6 na wa 2 weka 100k. Kutoka mguu wa 2, 33k kisha 220nF hadi ethi. Sauti inatoka mguu wa 6 kupitia 1µF (chanya ielekee IC), halafu 1k. Baada ya 1µF, 100k ya mwisho ishuke ethi.

Hapo sauti inapanda mara nne, yaani desibeli 12. Ukiwa na hambaka (pikapu ya koili mbili) kali, badili 33k kwa 68k, upate mara mbili na nusu. La sivyo volti 9 hazitoshi na sauti itakwaruza.

Poti ya kuvuta ichukue nafasi ya toni ya chini. Pima kina cha shimo kabla ya kununua, maana ni ndefu kuliko ya kawaida. Waya wa jino la katikati la volyumu uende mguu wa katikati wa safu moja ya swichi. Ncha ya jeki iende katikati ya safu ya pili. Upande mmoja funga ingizo na tokeo la busta, upande wa pili unganisha miguu miwili yenyewe kwa yenyewe.

Jeki ndiyo huwakosesha wengi. Hasi ya betri haiendi ethi, inaenda kwenye pete ya kati ya jeki. Plagi ya mono ikiingia, huunganisha pete na ethi, na busta inawaka. Ukipima bila plagi utaona sifuri, na IC nzima hutupwa bure kwa sababu hiyo. Ukichomoa, betri inapumzika.

Plagi ikiwa ndani, mguu wa 6 usome kati ya volti 4.3 na 4.6. Mguu wa 3 utasoma chini kidogo. Mita yenyewe inavuta kupitia 1M, usihangaike nayo. Mguu wa 6 ukikwama karibu na 8 au 1, kagua 100k ya kati ya 6 na 2. Swichi ikipiga "pop", 1M ya ingizo au 100k ya tokeo haijashika. Mlio mkali ni dalili kwamba waya wa kuingia na wa kutoka vimelala pamoja: tumia waya wenye kinga. Busta ikinyamaza ukifunga kifuniko, saketi imegusa karatasi ya shaba ya kinga, izungushie tepu.

Betri usiifungie chini ya kifuniko cha mbele, au utafungua skrubu 11 na kulegeza nyuzi kila inapokufa. Chonga kisanduku nyuma: mwili una unene wa kama milimita 45, betri 17.5.