Jinsi ya Kuandaa Maelezo ya Jina Toivo kwa Siku ya Ubatizo

Kwetu Mwanza jina la mtoto lina maelezo yake, na wenyeji huyajua kabla ya kuambiwa. Mabula alizaliwa wakati wa mvua, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ndiye aliyewafuata mapacha tumboni mwa mama mmoja. Bibi wa Kisukuma akisikia majina hayo haulizi kitu. Lakini mtoto akipewa jina la Kifini, bibi huyo ana haki ya kuuliza limetoka wapi, lina maana gani, na ni watu gani waliolibeba kabla ya mjukuu wake. Mwanza na Tampere, mji wa Ufini, ni miji rafiki kwa muda mrefu, na mahusiano ya namna hiyo huacha majina katika familia za watu. Mimi ni mzee wa kanisa katika mtaa mmoja wa Ilemela, na nimekabidhiwa mara kadhaa kazi ya kuandika karatasi fupi inayosomwa nyumbani baada ya ubatizo, kabla chakula hakijaletwa. Hapa naeleza namna ninavyoiandaa karatasi hiyo, kwa mfano wa jina Toivo, jina la kiume la Kifini ambalo naliona linatufaa sana sisi.

Anza na maana, na uihakikishe kabla hujaiandika. Katika Kifini neno toivo ni nomino ya kawaida yenye maana ya tumaini, na kitenzi chake ni toivoa, yaani kutumaini au kutamani jambo jema litokee. Ni sawa na kwetu, ambapo tumaini ni nomino, ni shina la kitenzi, na ni jina la mtu. Uthibitisho rahisi wa kuwaonyesha wazee uko katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 13, aya ya 13. Pale ambapo Biblia yetu inataja imani, tumaini na upendo, Biblia ya Kifini inataja usko, toivo na rakkaus. Mfungulie bibi aya hiyo, naye ataridhika kuliko kwa maelezo yoyote utakayompa.

Jihadhari na tafsiri za karibu karibu. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba Toivo ni bahati, na mwingine akasema ni imani. Bahati ni Onni, na imani ni Usko. Hayo pia ni majina ya kiume ya Kifini, lakini ni majina mengine. Kumbuka vilevile kwamba jina letu Tumaini hupewa mvulana au msichana, ilhali Toivo ni la mvulana tu. Familia iliyojaliwa binti na inayopenda jina la Kifini lenye uzito kama huo yaweza kufikiria Rauha, yaani Amani.

Hatua inayofuata ni matamshi, na hapa sikushauri uharakishe, kwa sababu jina likianza kutamkwa vibaya siku ya ubatizo litaendelea hivyo hadi shuleni. Mswahili akiliona neno Toivo hulikata silabi tatu, to-i-vo, kisha huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama tunavyofanya kwa maneno yetu yote, likawa to-I-vo. Mfini hulitamka kwa silabi mbili, TOI-vo. Sauti ya oi hutoka kwa pumzi moja, na mkazo huwa mwanzoni, kwa maana katika Kifini mkazo wa neno hukaa daima kwenye silabi ya kwanza. Irabu zenyewe ni zilezile zetu, wala hakuna herufi isiyosomwa. Sauti ya v ni laini kidogo kuliko yetu, lakini hilo si la kumsumbua mtu. Wafundishe watoto wa nyumbani kwanza, waliimbe mara tano au sita wakiwa wanacheza uani. Wakubwa watalichukua kutoka kwao.

Kuna jambo dogo la sarufi linalowachanganya wanaopokea barua au kadi kutoka Ufini. Majina ya watu katika lugha hiyo hubadilika mwisho kulingana na kazi yake katika sentensi. Ukiona Toivon, ni "ya Toivo". Ukiona Toivolle, ni "kwa Toivo". Mtu hajabadilishwa jina. Na toivon ikisimama kama kitenzi maana yake ni "natumaini", kwa hiyo barua nyingi za salamu huwa na neno hilo hata kama halimhusu mtoto wako.

Sasa andika asili ya jina kwa aya moja, isizidi. Ufini ilikuwa chini ya Uswidi hadi mwaka 1809, kisha ikawa chini ya Urusi hadi ilipojitangazia uhuru mwaka 1917. Kwa muda mrefu madaftari ya makanisa yaliandikwa kwa Kiswidi, hata mtu aliyeitwa Juhani nyumbani aliandikwa Johan. Katika karne ya 19 Wafini walianza kuipigania lugha yao, na sehemu ya juhudi hiyo ilikuwa kuwapa watoto majina yaliyotokana na maneno ya Kifini yenyewe. Toivo ni mojawapo, na lilienea sana mwishoni mwa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 20. Msomaji wa Kitanzania hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa anawajua watu wa rika lake walioitwa Uhuru, Furaha na Amani, na anajua wazazi wao walikuwa wanasema nini.

Kisha njoo kwa waliolibeba. Hii ndiyo sehemu ambayo karatasi nyingi huharibika, kwa kuwa mwandishi hukusanya majina kumi na mawili, akataja mwaka wa kuzaliwa wa kila mmoja, na wageni wakaanza kutazama upande wa jikoni. Chagua watu watatu au wanne, na uanze na aliye karibu nasi zaidi. Kwa jina Toivo, aliye karibu nasi alizaliwa Afrika.

Andimba Toivo ya Toivo alizaliwa mwaka 1924 kaskazini mwa Namibia, katika nchi ya Waovambo, ambako wamisionari Walutheri kutoka Ufini walifika mwaka 1870 na kuacha makanisa, shule na majina ya Kifini. Waeleze wasikilizaji muundo wa jina lake, maana wataufurahia: ya katika lugha ya kwao huonyesha uzao, hivyo Toivo ya Toivo ni Toivo mwana wa Toivo, na Msukuma angesema ng'wana Toivo. Mwaka 1957, akiwa mfanyakazi mjini Cape Town, alishiriki kuunda chama cha Waovambo ambacho baadaye kilizaa SWAPO, chama kilichopigania uhuru wa Namibia kutoka kwa utawala wa Afrika Kusini. Alipotaka kilio cha watu wake kifike Umoja wa Mataifa, alirekodi maneno yake kwenye utepe, akauficha ndani ya kitabu kilichochongwa tundu katikati, akakituma Marekani. Kwa kosa hilo alifukuzwa Cape Town na kurudishwa kwao. Alikamatwa mwaka 1966, na mwaka 1968 mahakama ya Pretoria ikamhukumu kifungo cha miaka 20. Alikaa katika Kisiwa cha Robben, alikofungwa pia Nelson Mandela, hadi alipoachiwa mwaka 1984. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 akawa Waziri wa Madini na Nishati, na miaka kadhaa baadaye akapewa wizara ya magereza, yeye aliyekuwa mfungwa. Alifariki mwaka 2017.

Mtu huyu ndiye ninayemtanguliza kila mara, na sababu yangu naisema wazi mbele ya wageni. Wapiganaji wa SWAPO walipewa kambi Kongwa, mkoani Dodoma, na ofisi za chama chao zilikuwa Dar es Salaam. Wazee wetu waliishi na harakati hizo. Mtoto wa Mwanza anayeitwa Toivo kwa hiyo habebi jina la mbali kama watu wanavyodhani. Ukiwa na nafasi ya sentensi moja zaidi, ongeza kwamba Mfini Martti Ahtisaari, aliyekuwa balozi wa nchi yake Dar es Salaam katika miaka ya 1970, ndiye aliyekuja kuongoza kazi ya Umoja wa Mataifa ya kuisimamia Namibia hadi ikapata uhuru, na mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Yeye si Toivo, lakini anaufunga vizuri mnyororo huo wa Ufini, Tanzania na Namibia.

Wa pili namweka Toivo Kuula kwa sababu ya wanakwaya, ambao hawakosekani katika ubatizo wowote wa kwetu. Alizaliwa mwaka 1883, akafundishwa utunzi na Jean Sibelius, mtunzi mashuhuri wa Ufini, akaandika nyimbo nyingi za kwaya na za mwimbaji mmoja, pamoja na muziki wa kuingilia maharusi ambao Wafini wanaupenda hadi leo. Alipigwa risasi katika ugomvi mjini Viipuri usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1918, akafariki baada ya siku 18 akiwa na umri wa miaka 34. Kifo chake kinaweza kutajwa kwa maneno machache tu, kwa kuwa kuna watoto wanaosikiliza, lakini kisifichwe.

Wa tatu ni mwanariadha. Toivo Loukola alishinda mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Amsterdam ya mwaka 1928, kwa dakika 9 na sekunde 21.8, na Wafini wakachukua medali zote tatu za mbio hizo. Aliyeshika nafasi ya pili alikuwa Paavo Nurmi, mtu mwenye medali tisa za dhahabu za Olimpiki katika maisha yake. Mbio hizo hizo ndizo zilizompa Filbert Bayi wetu medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980, na ukilitaja hilo vijana wote watanyamaza kusikiliza.

Wapo wengine wa kuweka akiba endapo utaulizwa. Toivo Kärki, aliyeishi kati ya 1915 na 1992, alitunga nyimbo za dansi zaidi ya elfu moja, nyingi zikiwa za tango, muziki ambao Wafini wameufanya wao. Toivo Pekkanen alikuwa mfanyakazi wa kiwandani katika mji wa bandari wa Kotka kabla ya kuwa mwandishi wa kuheshimiwa. Toivo Kivimäki alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1932 hadi 1936, lakini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambapo alikuwa balozi Berlin, alihukumiwa kifungo pamoja na viongozi wengine waliotuhumiwa kuiingiza nchi vitani. Ukimtaja Kivimäki, taja yote mawili. Jina jema hubebwa na watu wa kila namna, na familia haipaswi kuambiwa nusu ya habari.

Ukitaka kuongeza watu wako mwenyewe, hakikisha mambo mawili. Kwanza, kwamba Toivo ni jina lao la kwanza, kwa sababu Kifini kina pia majina ya ukoo yanayoanza hivyo, kama Toivonen. Pili, kwamba kweli ni Wafini, kwa maana Waestonia pia, majirani zao kwa lugha, hulitumia jina hilohilo.

Kabla ya kusoma karatasi, shughulikia maandishi ya serikali. Katika familia moja niliyoisaidia, kadi ya kliniki iliandikwa Toivu, na kosa hilo likahamia kwenye karatasi nyingine kabla ya mama kuligundua. Majina yasipolingana kati ya cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule, mzazi huja kuhangaika na viapo mahakamani, na kazi hiyo hula nauli na siku za kazi. Andika TOIVO kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi, mpe mwandishi akiangalie badala ya kumtamkia, kisha soma alichoandika kabla hujaondoka dirishani. Usiongeze y wala w.

Maelezo yenyewe yasomwe kwa dakika tatu au nne. Mfano wa ufunguzi ni huu: "Mtoto wetu tumemwita Toivo. Ni neno la Kifini, na kwa Kiswahili ni Tumaini. Linatamkwa TOI-vo. Kabla yake waliitwa hivyo watu wengi, na mmoja wao alikuwa Mwafrika aliyefungwa Kisiwa cha Robben miaka 16 kwa ajili ya uhuru wa Namibia. Tunaomba wote mliopo mlitamke pamoja nasi." Hapo nyamaza, waache walitamke, kisha uendelee na habari za Andimba Toivo ya Toivo.

Tarehe ya kukumbuka ni 4 Juni. Katika kalenda ya Wafini kila siku ina majina yake, na hiyo ndiyo siku ya Toivo, ambayo marafiki wa Tampere wanaweza kuitumia kumtumia mtoto salamu. Iandike chini ya karatasi pamoja na tarehe ya ubatizo, toa nakala moja kwa wasimamizi wa ubatizo na nyingine kwa bibi, na nakala ya wazazi itiwe kwenye bahasha moja na cheti cha kuzaliwa.