Nyasi bandia kwenye udongo wa Lubumbashi: mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Mwenye hoteli au mgahawa akiniita kwa kazi ya nyasi bandia, huanza kuniuliza rangi na urefu wa nyuzi. Mimi humuuliza: hapa palikuwa na nini zamani? Ardhi ya Lubumbashi imejaa vichuguu vikubwa, vingine virefu kupita nyumba, na udongo wake una mfinyanzi mwingi kuliko ule unaovizunguka. Ndiyo maana wapiga matofali huvichimba. Kichuguu kikisawazishwa, kitako chake hubaki chini. Mvua ikinyesha kinanyonya maji na kuvimba, kiangazi kikifika kinasinyaa na kupasuka, huku udongo wa pembeni ukifuata mwendo wake mwingine. Na palipochimbwa matofali hubaki shimo, ambalo watu hulijaza takataka na udongo bila kushindilia.

Miaka yangu ya mwanzo nilitandika terasi ya mgahawa mmoja. Kiangazi kizima ilikuwa imenyooka vizuri. Msimu wa pili wa mvua, sehemu yenye upana wa meza mbili ikainuka, kiungo kikaachia kama mshono, wahudumu wakawa wanajikwaa na sahani mikononi. Tulipofunua tulikuta udongo mzito unaonata kwenye sepeto hadi uukwangue kwa kijiti. Mzee wa parseli ya jirani akaja kusimama ukutani, akasema: "Mwanangu, si hapo ndipo kilikuwa kichuguu?" Leo nawaamkia wazee wa jirani kabla sijatoa futi mfukoni.

Baada ya wazee, uliza udongo wenyewe. Chukua konzi moja, ulowanishe kidogo, uuviringishe kati ya viganja. Ukitoka uzi mwembamba kama kamba ya kiatu na ukapindika kuwa pete bila kukatika, huo ni mfinyanzi. Kisha chimba shimo la sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yaishe, ulijaze tena. Kipimo ni mara ya pili. Kiangazi udongo una nyufa, maji ya kwanza hupotea haraka na kukudanganya kwamba panapitisha. Kama mara ya pili maji yameshuka sentimita moja tu kwa saa, basi usitegemee ardhi imeze chochote. Lazima uyatengenezee maji njia ya kutoka. Fanya jaribio hilo sehemu tatu au nne za kiwanja, hasa pale wazee walipokuonyesha.

Kuhusu majira, mvua zetu huanza kushika Novemba na kwenda hadi Machi au Aprili. Kuchimba ni Juni hadi Agosti. Lakini mfinyanzi mkavu haushindiliki, unabaki mabonge. Unyunyizie maji kidogo, ungoje, ukamate konzi: ushikane bila kuchuruza. Ukiwa umelowa sana nao, mashine ya kushindilia ikipita juu yake unatikisika kama bukari ambayo haijaiva. Hapo zima mashine, subiri.

Ondoa udongo sentimita 15 hadi 20, zaidi kama magari yatapita. Chini kabisa weka mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Mteremko uwe kwenye udongo wenyewe. Ukiuweka kwenye kokoto peke yake, maji yatatuama chini usipoona. Kisha kitambaa cha jeotekstili, kile kinachopitisha maji lakini kinazuia udongo. Wateja wengi huniomba nikiondoe ili bei ishuke, na hapo huwa sikubali. Bila kitambaa hicho, kila mguu unaokanyaga unazamisha kokoto ndani ya mfinyanzi na kuupandisha mfinyanzi juu kati ya kokoto, na baada ya misimu michache hakuna tena tabaka linalopitisha maji. Juu ya kitambaa panga kokoto zilizovunjwa, sentimita 10 hadi 15, kwa matabaka mawili, kila moja likishindiliwa peke yake, na ukamilishie kwa kokoto laini. Upande wa chini laza bomba lenye matundu, la milimita 100, linaloishia kwenye mtaro. Lisiishie ukutani kwa jirani.

Ukitafuta kokoto za bei rahisi utaletewa mabaki ya viwanda vya kuyeyushia shaba. Kataa. Yana metali nzito, na maji yatakayopita humo yatafika kwenye kisima cha mtu.

Nyasi zenyewe hazina maneno mengi. Roli huwa na upana wa mita 2 au 4. Nunua zote za toleo moja, kwa sababu rangi hutofautiana, na ukipungukiwa nusu roli huenda ukangoja lori jingine livuke mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa. Nyuzi zote zilale upande mmoja. Gundi ya viungo ipakwe pakiwa pakavu.

La mbabula, yaani jiko la makala, watu hulisahau. Kama mgahawa unachoma michopo, mahali pa moto pawe na betoni au tofali, pana kiasi cha cheche kutofika kwenye nyasi. Kaa moja la makala huacha tundu lililoyeyuka, na kiraka chake huonekana daima. Septemba na Oktoba jua la mchana huzipasha nyasi za plastiki hadi mtoto hawezi kukanyaga pekupeku, kwa hiyo panga kivuli mapema, pamoja na tangi la maji ya kuoshea vumbi jekundu, maana bomba haliaminiki kila siku.

Mkataba ukiandikwa, sehemu ya malipo ibaki mkononi mwa mwenye jengo hadi Desemba, na fundi arudi baada ya mvua tatu kubwa za kwanza. Atembee taratibu juu ya viungo, ainame kwenye mdomo wa bomba aone kama maji yanayotoka ni meupe au mekundu. Yakiwa mekundu, udongo unaondoka chini ya nyasi, na hapo inabidi kufunua.