Vipele vya uume visivyo na madhara: namna ya kuvitambua na kuamua kama vitibiwe

Wanaume wengi wanaokuja kwangu na vipele vya uume huomba dawa kabla sijaona chochote. Wengine wameshapaka kitu nyumbani, na hao ndio wanaonipa kazi kweli, kwa sababu kipele ni kilekile ila sasa kimezungukwa na ngozi iliyoungua. Mimi ni tabibu wa ngozi na magonjwa ya zinaa. Siku nyingi muda wangu mrefu hauishii kwenye kuandika dawa, unaishia kumshawishi mtu mzima kwamba alichonacho ni sehemu ya mwili wake.

Nitakueleza jinsi ninavyotazama, ili nawe ujitazame kwa utaratibu huohuo.

Tafuta mwanga wa mchana, nawa mikono, na weka simu pembeni. Kamera ikikaribia hukikuza kipele cha milimita 1 mpaka kikajaa kioo chote, na hapo usingizi umekwisha. Usijikague mara tu baada ya kunyoa au baada ya tendo la ndoa, maana ngozi huwa imewaka na kila kitu huonekana kibaya. Kama una govi, livute nyuma polepole, na ukimaliza hakikisha umelirudisha mbele. Govi likibaki limekwama nyuma ya kichwa cha uume huvimba na kukaba, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kisha jiulize: viko wapi, vimejipanga vipi, na vimekuwepo tangu lini? Watu hupenda kunielezea rangi. Rangi hunisaidia kidogo tu, kwa kuwa kipele kilekile huonekana cheupe kwa mmoja na cha kahawia kwa mwingine. Mahali, mpangilio na muda ndivyo hunipa jibu.

Vile ambavyo huwa ni vyako tu

Vinavyowatisha wengi ni vile vinavyozunguka ukingo wa kichwa cha uume. Ni vidogo, milimita 1 au 2, mara chache hufika 4. Vinalingana kwa umbo, vimejipanga safu moja au mbili au zaidi kufuata ukingo, na havikui wala kuhama. Ndani yake kuna nyuzi za nyama na mishipa midogo ya damu, basi. Hujitokeza baada ya balehe, huonekana zaidi kwa wasiotahiriwa, na kwa wengi hufifia umri unavyosonga. Haviambukizi. Havigeuki kuwa saratani. Havitokani na uchafu, wala punyeto, wala kulala na fulani. Si adimu hata kidogo, ila kwa kuwa wanaume hawachunguliani, kila mmoja hudhani ni yeye peke yake.

Hivyo usivichanganye na madoa ya Fordyce, yaliyopewa jina la daktari wa ngozi wa Marekani aliyeyaeleza mwaka 1896. Hayo ni tezi za mafuta zilizokaa mahali pasipo na nywele. Ni ya manjano au meupe, yamo ndani ya ngozi ya shina la uume, na ukiivuta ngozi huonekana zaidi, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Angalia pia midomo yako na ndani ya mashavu, kwani huenda ukayakuta huko pia. Ukiminya moja hutoka kitu cheupe chenye mafuta. Usiminye.

Upande wa chini, penye ule utepe wa ngozi unaoshika govi, wengi wana vipele viwili vidogo, kimoja kila upande. Navyo ni vya kawaida.

Kwenye mfuko wa korodani mambo ni tofauti. Hapo, hasa kwa wanaume wa makamo na wazee, hutokea vidoa vyekundu vilivyokolea au vya zambarau, ambavyo ni mishipa midogo ya damu iliyotanuka. Havidhuru, ila vikikwaruzwa hutoa damu inayoshtua kuliko wingi wake. Bonyeza kwa kitambaa safi dakika kadhaa, itakata. Kama wewe ni kijana, vidoa ni vingi, vimeshuka mapajani au kupanda kitovuni, na tangu utotoni viganja na nyayo hukuunguza, mwone daktari na mtajie yote hayo kwa pamoja. Upo ugonjwa wa kurithi, nadra, uitwao Fabry, unaoanza hivyo na baadaye kugusa figo na moyo.

Uvimbe mgumu wa mviringo unaocheza ndani ya ngozi ya mfuko huohuo, usiouma, mara nyingi ni kifuko kilichojaa uchafu wa ngozi. Lakini hakikisha uko kwenye ngozi. Uvimbe ulio kwenye korodani yenyewe ni habari nyingine kabisa, na huo haungojwi hata wiki.

Vile ambavyo usikae navyo

Kuna kosa moja la kufikiri ambalo ningelifuta kama ningeweza: "hakiniumi, kwa hiyo ni salama." Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi. Hutokea kwa kawaida wiki 3 hivi baada ya kuambukizwa, ingawa kinaweza kuja kati ya siku 10 na 90, mara nyingi ni kimoja, kingo zake ngumu, na huenda mitoki ikavimba. Halafu kinapona chenyewe. Mwenyewe hushukuru Mungu, na ugonjwa unaendelea ndani kwa ndani.

Masundosundo nayo mara nyingi hayaumi. Yanasababishwa na kirusi cha HPV, na kwa karibu asilimia 90 ni aina namba 6 na 11. Tofauti yake na vile vya ukingoni ni kwamba hayana mpangilio. Moja kubwa, jingine dogo, yanaongezeka, juu yake panakwaruza, na hukaa popote: shinani, ndani ya govi, kinenani. Hutokea wiki au miezi kadhaa baada ya maambukizi, kwa hiyo usikimbilie kumtuhumu mtu wa juzi.

Malengelenge yenye maji yanayouma na kupasuka kuwa vidonda hayafanani na chochote nilichotaja juu, nenda kliniki. Kipele laini chenye kishimo katikati huambukiza kwa kugusana. Vipele vigumu vinavyowasha zaidi usiku, na mtu wa nyumbani naye anajikuna, ni ugonjwa wa upele (scabies), na unatibiwa kwa watu wote mnaokaa pamoja, siyo wewe peke yako. Na kidonda, bonge au baka lisilopona kwa wiki 3 au 4, hasa chini ya govi, lazima likatwe kipande kipelekwe maabara. Hapo sibahatishi.

Jambo jingine: vipele vya kawaida havikupi cheti. Kama umefanya ngono bila kinga, pima kaswende na VVU hata kama nimekwambia vipele vyako ni vya kawaida.

Kutibu au kuviacha

Kwa vile vya ukingoni na madoa ya Fordyce, ushauri wangu ni kuviacha. Sisemi hivyo kwa uvivu. Hakuna krimu ya dukani inayoviondoa. Siki, kitunguu saumu na dawa ya meno huunguza. Kuvifunga uzi au kuvikata kwa kikata kucha huleta damu, usaha na kovu, na hilo kovu ndilo utakalokaa nalo. Sabuni kali na dawa ya kuua vijidudu havisaidii, kwa sababu huo si uchafu. Hatari zaidi ni dawa ya masundosundo ikipakwa kwenye vipele visivyo masundosundo. Imetengenezwa kula nyama, na itakula ngozi yako nzima. Zile krimu zenye steroidi wanazoazimana watu hukondesha ngozi ya pale haraka, na huficha fangasi mpaka imesambaa.

Hata hivyo, wapo wanaume ambao vipele hivi vimewazuia kuvua nguo mbele ya mwenzi kwa miaka. Siwacheki. Kama umeelewa kwamba si ugonjwa na bado unataka viondoke, ni haki yako, na njia ipo. Kwa vile vya ukingoni hutumika zaidi leza ya kaboni dioksidi, au kuchoma kwa umeme, baada ya ganzi. Kugandisha kwa naitrojeni kimiminika kunawezekana pia, ila kwenye ngozi nyeusi kunaweza kuacha mabaka meupe, kwa hiyo mimi huwa sikupendekezi. Muulize atakayekufanyia: amefanya hii ya uume hasa, au za uso tu? Atafanya vyote siku moja, au ataanza na eneo dogo aone linavyopona? Mwambie kama makovu yako huvimba. Na ukubali kabla ya kulala kitandani kwamba vinaweza kurudi, rangi inaweza kubadilika, na hautafanya ngono wala punyeto mpaka pamepona kabisa. Mtu akikuahidi kwamba havitarudi kamwe, vaa suruali uondoke.

Vidoa vya damu vya mfukoni ninavichoma kama vinatoa damu mara kwa mara. Vinginevyo navyo hukaa.

Unyoaji ni suala dogo: vipele vyenye unywele katikati, vilivyokuja baada ya wembe, hutulia ukiacha kunyoa kwa wiki chache. Ukirudi, punguza kwa mkasi au mashine badala ya kukwangua mpaka chini.

Kuhusu mwenzi wako, mwambie kabla hajaviona gizani kwa vidole. Vimekuwepo tangu ujana, haviambukizi, havitampa chochote. Akibaki na wasiwasi njoo naye. Nimeshazoea kueleza mbele ya wawili, na mara nyingi maswali ya mwenzi huwa mazuri kuliko ya mwenye vipele.