SOMO: Gari la zamani na bajeti ndogo, uanze kushika wapi

Gari lililotembea sana halidai kila kitu kwa siku moja. Pesa ya kwanza iende kwenye kinacholisimamisha gari, ya pili kwenye kinachoua injini. Rangi, redio na viti vitasubiri.

1. Breki na tairi

Egesha pa tambarare, zuia magurudumu yanayobaki chini, piga jeki kisha weka stendi. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja: sili yake ikiachia, gari linashuka bila onyo. Toa gurudumu utazame pedi. Zikibaki milimita 3, badilisha za kushoto na kulia kwa pamoja. Ukichelewa, chuma cha pedi kitakula diski, na hapo gharama imeongezeka bure.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yenye unyevu huchemka mapema. Kwenye mteremko mrefu pedali inazama. Yabadilishe kila miaka 2, kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo chake.

Tairi soma tarakimu nne za tarehe ubavuni: mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yakiwa marefu lakini mpira una nyufa, hiyo tairi imekwisha.

2. Oili ya injini

Kazi hii ndiyo inayolipa kuliko zote, na haihitaji fundi. Washa injini dakika chache oili iwe nyepesi, zima, weka beseni, fungua bolti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Subiri mpaka idondoke tone moja moja. Rudisha bolti ikiwa na washa mpya (kiringi chake cha kuziba).

Ukitoa filta kuukuu, pitisha kidole pale ilipokaa. Mpira wake wakati mwingine huganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, presha itasukuma oili nje mara tu ukiwasha. Paka mpira mpya oili kidogo, funga kwa mkono hadi uguse, ongeza robo tatu ya mzunguko. Spana hapa haina kazi.

Jaza pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu cha gari, washa, kagua uvujaji, zima, ngoja dakika 5, pima, kisha malizia. Usipitishe alama ya juu: kranki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ikiipiga oili inatoka povu, na povu halilainishi chuma.

3. Maji ya rejeta na mkanda wa taiming

Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa imepoa kabisa. Changanya kulanti (dawa ya kupoza injini) nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea betri (si asidi). Maji ya bomba hujenga ukoko ndani ya rejeta.

Injini yako ikiwa ya mkanda wa taiming, unaoendesha valvu (nyingine hutumia mnyororo), na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba muda umepita. Kwenye injini nyingi mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu. Kazi hii mpe fundi, na pampu ya maji ibadilishwe humo humo kama inaendeshwa na mkanda huo.

Filta ya hewa na plagi zifuate baadaye. Plagi fungua injini ikiwa baridi, na ianze kuingia kwa vidole ili usiharibu nyuzi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, oili inapungua lakini chini ya gari hakuna tone.

Jibu: Mara nyingi inaungua. Moshi wa bluu ukiwasha asubuhi, shuku sili za valvu. Ukija unapokanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Kabla ya kufungua injini angalia valvu ya PCV (inayopumua hewa ya ndani ya injini). Ni ya bei ndogo, na ikiziba presha husukuma oili kwenda kuungua.

Swali: Betri mpya, lakini asubuhi haina moto. Nianzie wapi?

Jibu: Safisha vichwa vya betri kwanza, ukianza kutoa waya wa hasi. Kisha pima: gari likiwa limelala iwe karibu volti 12.6, injini ikiwaka 13.8 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo injini ikiwaka, tazama altaneta (inayochaji betri) na mkanda wake. Ikiwa sawa, kuna kitu kinakula umeme usiku. Zima kila kitu, funga milango, subiri gari "lilale", pima mkondo kwa mita iliyowekwa kati ya waya wa hasi na kichwa cha betri. Ukizidi miliampia 50, toa fyuzi moja moja. Ile itakayoshusha namba ndiyo laini ya kufuatilia. Usipige stata mita ikiwa hapo, utaiunguza.