Kufunga vyombo vya nyumba vikae stoo Tanga: hatua kwa hatua

Kazi yangu ni kuhamisha watu. Wateja wangu wengi hapa Tanga hawahami moja kwa moja. Mtumishi kapata uhamisho wa Dodoma na hajui atakaa muda gani. Mwingine anavunja nyumba ya urithi Ngamiani ajenge upya. Mwingine mkataba umekwisha, anarudi kwao Lushoto kusubiri kazi nyingine. Vyombo vinabaki kwenye chumba cha kukodi, fremu tupu ya duka au kontena, na wenyewe wakirudi ndipo kilio kinapoanza. Safari ya Kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, mara chache huharibu kitu. Unyevu ndio unaovimaliza. Hewa ya bahari inakuja na maji na chumvi mwaka mzima. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inafuata kanuni moja: hakifungwi kitu ambacho hakijakauka, na kikishakauka hakizibwi kikakosa pumzi.

Hatua ya 1: Kagua chumba kabla hujatafuta hata boksi moja

Nenda mchana, na kama mvua imenyesha jana yake ni bora zaidi. Tazama ukuta kwa chini. Mstari wa rangi ya udongo au plasta inayobanduka itakuonyesha maji yalifika wapi masika iliyopita. Madoa darini ni bati linalovuja. Vichuguu vyembamba vya udongo vinavyopanda ukutani ni barabara za mchwa. Kisha funga mlango usimame ndani kidogo unuse: chumba chenye uvundo kikiwa kitupu, kikijaa kitazidi. Habari za mafuriko muulize jirani, maana mwenye chumba anataka kodi.

Kontena lina tabia yake. Mchana jua linachoma bati, usiku likipoa mvuke uliomo ndani unageuka matone chini ya paa na kudondokea mizigo, hata kama nje hakujanyesha. Lenye matundu ya hewa na lililokaa kivulini linafaa. Likikosa hayo, mimi nachagua chumba cha tofali hata kama ni kidogo.

Hatua ya 2: Punguza

Jumlisha kodi ya muda wote utakaoweka, ulinganishe na bei ya vitu vyenyewe vikiuzwa mtumba. Kabati la chipbodi linanyonya unyevu, linavimba na skrubu zinalegea. Liuze sasa lingali na sura. Kitanda cha mninga au mvule kiweke.

Visiende stoo kabisa: chakula cha aina yoyote, petroli, mafuta ya taa, na mtungi wa gesi hata kama unaamini umekwisha. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni na kungoja cheche. Jenereta nalo limwagwe mafuta yote. Vyeti, hati ya kiwanja na picha za harusi unatembea navyo mwenyewe.

Hatua ya 3: Osha na kuanika

Hapa ndipo watu wanapofanya haraka, na hapa ndipo mimi hugoma. Kama tarehe iko mikononi mwako, usifunge masika, Machi hadi Mei, wala katikati ya vuli. Januari na Februari, kaskazi inapovuma na jua ni kali, kila kitu kinakauka upesi. Ukilazimika kufunga wakati wa mvua, jipe siku za ziada na uwashe feni.

Godoro la sponji lisimamishe juani asubuhi, ligeuze mchana. Sponji hudanganya: juu kavu, ndani bado jasho la miaka. Mikeka ya ukindu ifutwe, ianikwe, kisha ikunjwe kwa kuviringisha, maana ukiikunja kama shuka itavunjika kwenye mikunjo. Kanga, vitenge na makanzu yafuliwe na kusuuzwa vizuri bila kutiwa wanga, kwa sababu wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine. Nguo iliyovaliwa mara moja tu nayo ni chafu. Doa la jasho usiloliona leo litakuwa la njano ukirudi.

Chuma ndicho kinachoteswa na chumvi. Mbuzi ya kukunia nazi ioshwe mpaka utamu wa tui utoke, ikauke juani, meno yapakwe mafuta ya mgando. Vivyo hivyo visu, jembe na nati za kitanda. Cherehani ipigwe brashi kutoa vumbi la nyuzi, itiwe mafuta yake, halafu uizungushe kidogo yasambae.

Friji izimwe siku mbili kabla. Barafu iyeyuke yenyewe; ukichokonoa kwa kisu utatoboa bomba. Ioshe kwa maji ya vuguvugu yenye siki kidogo, ikaushe, usisahau trei ya maji iliyo nyuma, karibu na kompresa. Mlango wake ukae na upenyo wa vidole viwili: weka kitambaa kilichoviringishwa, kisha funga kamba usiweze kufunguka zaidi, mtoto asije akajificha ndani.

Hatua ya 4: Vifungashio

Maboksi ya sabuni na ya vitabu ni magumu na safi. Ya samaki na matunda yaache, na la dukani lolote chunguza mikunjo yake, mayai ya mende hukaa humo. Nguo na mapazia weka kwenye salfeti safi, inapitisha hewa. Nailoni ni ya njiani tu: najua sofa lililovingirishwa nailoni linapendeza macho, lakini ukifika stoo livue ulifunike shuka la pamba.

Kamba nunua ya katani. Mkonge tunao tangu Mjerumani Richard Hindorf auingize mwaka 1893, na fundo la katani halitelezi kama la kamba ya plastiki. Inakwaruza vanishi, basi kila pembe ya mbao iwekewe kipande cha boksi.

Hatua ya 5: Funga

Vizito kwenye boksi dogo, vyepesi kwenye kubwa. Sahani zifungwe gazeti moja moja na kusimamishwa kwa ukingo. Zikilala, ya chini inabeba uzito wa zote. Toa betri kwenye rimoti, saa na tochi, zitavuja. Kitanda kikifunguliwa, nati zake ziingie kwenye kifuko kilichofungwa kwenye ubavu wa kitanda chenyewe. Televisheni isimame wima siku zote, imefunikwa blanketi, kioo kisiegemee kitu chenye ncha. Andika ubavuni mwa boksi, siyo juu, kwa sababu juu patakaa boksi jingine. Piga picha kila boksi kabla ya kulifunga.

Hatua ya 6: Panga

Friji isafirishwe wima. Kama ililazwa, siku ya kuitumia iache isimame kutwa nzima kabla ya kuiwasha, mafuta yarudi kwenye kompresa.

Sakafuni tanguliza paleti, au matofali yenye mbao juu. Acha nafasi ya kiganja kati ya mizigo na ukuta, na ujia katikati wa kukupitisha hadi mwisho. Godoro lilale juu ya vyote, bila kitu juu yake. Dawa ya nondo ifungwe kwenye kitambaa na isiguse plastiki wala vitu vya mtoto. Kama ukuta wa pili wanalala watu, tumia majani makavu ya mwarobaini badala yake. Panya usiwatilie sumu, watafia nyuma ya kabati usipofika. Ziba upenyo wa chini ya mlango kwa wavu wa chuma.

Hatua ya 7: Kufuli na ukaguzi

Tumia kufuli lako mwenyewe, la shaba, kwani la chuma litashika kutu lisifunguke. Ufunguo wa pili mwachie ndugu anayekaa mjini, umwombe afungue chumba kila mwezi siku ya jua kali, aache mlango wazi saa chache na kukutumia picha ya sakafu na dari. Akisikia uvundo, aanze na maboksi ya chini yaliyo karibu na ukuta wa nje, ayatoe juani siku hiyohiyo.