Kutundika bendera au bango la chama kwenye nyumba ya kupanga

Nina nyumba ya wapangaji hapa Ujiji, na kila msimu wa kampeni naulizwa lile lile: "Mama, naweza kutundika?" Unaweza, ila uliza kwanza. Ukuta wa mbele na paa ni vya mwenye nyumba. Mlango na dirisha la chumba chako, mimi siingilii. Kwangu kuna wa kijani na wa zambarau wanachota maji bomba moja, kwa hiyo nimesema kila mtu dirishani kwake, barazani hapawekwi kitu. Wapo wenye nyumba wasiotaka kabisa. Usibishane nao, hasa kama unadaiwa kodi.

Mlingoti simika ndani ya kiwanja. Kwenye barabara kuu na za mkoa, Sheria ya Barabara ya 2007 inahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati kuwa hifadhi ya barabara, hata kama umelima michicha hapo. Nguzo ya TANESCO usiiguse.

Bango la karatasi ndilo linaloniharibia nyumba. Vijana wanakoroga unga wa muhogo kwa maji baridi, wanaupika mpaka uvutike, wanapaka ukutani, wanabandika, wanapaka tena juu. Linashika kweli! Siku ya kulitoa linaondoka na chokaa yangu. Bandika kwenye kipande cha plaiwudi, kisha kitundike kwa kamba kwenye nondo za dirisha. Kiweke chini ya upenu, maana kura ya Oktoba inatukuta mvua zimeshaanza.

Likichanwa, usiende kuchana la jirani. Maadili ya uchaguzi yanakataza, na hapo kesi inageuka yako. Piga picha, mpe kiongozi wa chama chako wa kata, yeye ndiye apeleke malalamiko kwenye kamati ya maadili.

Wanaoishi karibu na shule zinazotumika kupigia kura wanasahau jambo moja. Siku ya kura, ndani ya mita 200 kutoka kituoni, alama za chama haziruhusiwi, iwe bendera, kofia au fulana. Kama nyumba yako imo humo, shusha jioni ya kuamkia kura, usingoje kugongewa mlango alfajiri.

Kura zikiisha, toeni vyote wenyewe. Plaiwudi chukueni, nondo zangu msizikunje.